Umbali wa Mwalimu Sikudhani

Jamhuri ya Twendapo ni nchi nzuri, na kama hamjawahi kuisikia si kosa lenu, maana nayo haijawahi kusikia mengi. Ina milima ya kutosha, mvua ya kutosha na wizara za kutosha. Watu wake hawana ubaya. Hata wakubwa wake, ukimkuta mmoja peke yake hana karatasi mkononi, atakukaribisha chai. Siandiki haya kwa nia ya kuwasema. Nimeishi huko miaka yangu yote na nimetendewa mema mengi. Naandika kwa sababu alikuwepo binti mmoja mpweke, nami nilikuwa jirani yake.

Mambo yalianza na safari. Waziri wa Elimu alikwenda nchi za watu kujifunza. Huko akaonyeshwa chumba ambamo watoto walikuwa wanamtazama mwalimu kwenye kioo, na mwalimu mwenyewe yuko mji mwingine. Waziri akauliza mwalimu huyo yuko mbali kiasi gani. Akaambiwa kilometa mia tatu. Akaandika kwenye daftari lake: mia tatu. Hakuandika kingine, kwa kuwa hapo ndipo walipoitwa kwenda kula.

Aliporudi alilihutubia taifa kwa redio, saa tatu nzima.

"Ndugu wananchi, nimeona kwa macho yangu! Wenzetu wamefika walipofika kwa sababu walimu wao wako mbali. Sisi hapa mwalimu yuko wapi? Yuko darasani! Anavuta hewa moja na mtoto! Mwanafunzi akinyoosha mkono, anamgusa! Tutaendelea namna gani, ndugu zangu? Ukaribu ndio uliotuchelewesha. Kuanzia muhula ujao teknolojia itaingia kila darasa, na mwalimu atatoka!"

Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga, nikiwa peke yangu jikoni, maana sauti yake ilionyesha amechoka na safari.

Basi ikatoka sheria. Kilometa mia tatu zilionekana nyingi kwa kuanzia, hivyo wakasema mita mia nne, mpaka nchi izoee. Mwalimu asikae chini ya mita mia nne kutoka kwa mwanafunzi wake. Kila kata ikapewa Afisa Umbali, mwenye futi kamba na filimbi. Na alama za mwalimu zikawa zinatokana na umbali wake.

* * *

Kijijini kwetu Ng'ambole shule iko chini, karibu na kijito. Juu kabisa mlimani kuna kibanda tulichokuwa tunakaa kulinda mahindi yasiliwe na nyani. Kibanda hicho kikapigwa chokaa na kuitwa Kituo cha Masafa. Nyumba yangu iko katikati ya njia.

Afisa Umbali wetu alikuwa Bwana Mbwilo, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Siku aliyopima, kamba ilitakiwa ipite juu ya tuta langu la mchicha. Aliizungusha pembeni, akapiga magoti kwenye tope asiharibu hata shina moja. Kwa hiyo Kituo cha Masafa cha Ng'ambole kina mita mia nne na mchicha wangu.

Walimu watatu wa zamani walipelekwa mbali zaidi, kwa kuwa walikuwa na uzoefu. Chini akabaki Mwalimu Mkuu Chitemo peke yake, kazi yake ikiwa kuwasha kioo na kuzima. Kibandani akaletwa Sikudhani.

Alikuja Jumapili na begi moja na ndoo, kama wanavyokuja walimu wa mazoezi wote. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Amemaliza chuo, amebakiza muhula mmoja tu wa kufundisha kwa vitendo. Akifaulu, anapata cheti. Asipofaulu, kwa utaratibu wa Twendapo, anarudi mwaka wa kwanza na kuanza upya, kana kwamba kichwa chake kimefutwa. Na kwao, Mlangoni, mpakani kabisa mwa nchi, majirani walikuwa wameshaanza kumwita mama yake Mama Mwalimu.

"Shikamoo, Bibi," alinisalimia nje ya uzio. "Naulizia shule."

"Marahaba, mjukuu wangu. Shule ile kule chini. Wewe ni mwalimu?"

"Wa mazoezi."

"Basi huendi kule. Wewe ni kule juu."

Akatazama juu, akatazama chini. "Na watoto?"

"Watoto ni kule chini."

Akacheka, akidhani namtania. Nami nikacheka naye, maana si vizuri mtu kucheka peke yake.

Bwana Mbwilo alipofika alimsomea masharti akiwa amesimama wima kama yuko kwenye gwaride.

"Mwalimu, kuanzia leo wewe ni wa masafa. Kisimani utakwenda watoto wakiwa darasani. Dukani utanituma mimi. Ukikutana na mwanafunzi njiani nitapuliza filimbi, na wewe utarudi nyuma mpaka zitimie mita mia nne. Simu hairuhusiwi."

"Simu si teknolojia, Afande?"

"Simu inajibu hapo hapo. Wizara itagonga mhuri saa ngapi?"

"Na huyu Bibi, naye ni wa masafa?"

"Bibi alimaliza darasa la nne mwaka wa mafuriko. Si mwanafunzi. Anaruhusiwa kuja, ila asibebe habari za darasani. Habari za darasani zinapita kwa mhuri." Akanigeukia, akainamisha kichwa. "Samahani, Mama. Utatia sahihi hapa."

Nikatia sahihi. Alinishikia karatasi isipeperushwe na upepo.

* * *

Sasa niwaeleze teknolojia yenyewe, nitakavyoweza.

Kibandani Sikudhani alipewa paneli ya sola, kigoda, na kishikwambi kilichofungwa kwenye mti wa miguu mitatu. Chuoni kwao vishikwambi vilikuwa havijafika, hivyo walijifunzia kwenye picha iliyochorwa ukutani kwa chaki. Wanachuo walipanga mstari, kila mmoja akabonyeza ukuta mara moja kwa kidole, akapewa alama. Yeye alikuwa wa pili darasa zima. Alipoona cha kweli kinawaka alirudisha mkono nyuma kama mtu aliyegusa chungu.

"Bibi, kinanitazama," alisema.

"Kitazame na wewe. Labda ni kigeni kama wewe."

Mtandao Ng'ambole haupo. Kwa hiyo mwalimu alisema maneno yake mbele ya kishikwambi, yakaingia kwenye memori kadi ndogo kama ukucha. Kadi ikatiwa kwenye bahasha, akapewa Bwana Lutego mwenye pikipiki, naye akaipeleka makao makuu. Huko ilipita ofisi saba, kila ofisi mhuri mmoja. Mwanzoni mihuri iligongwa juu ya kadi yenyewe, kadi zikavunjika, ndipo wakaamua kugonga bahasha. Kisha Bwana Lutego akairudisha Ng'ambole, shuleni, mita mia nne kutoka ilikotoka, Mwalimu Mkuu akaiweka kwenye kioo kikubwa, na watoto wakamwona mwalimu wao. Siku tisa. Na majibu ya watoto yalipanda kibandani kwa njia hiyo hiyo, siku tisa nyingine.

Kabla muhula haujaanza Sikudhani alifanya mazoezi. Alisema ni vigumu kufundisha tundu dogo lisilopepesa. Akaniomba nikae nyuma ya kishikwambi ili apate macho ya kutazama. Nikakaa, akaniuliza herufi, nikamjibu. Tulikuwa tunafurahi. Bwana Mbwilo akachungulia.

"Mama, shikamoo. Ukikaa mbele ya mwalimu na ukamjibu, unakuwa mwanafunzi. Na hapo mko mita mbili."

Nikahamia nje, nyuma ya ukuta. Sikuruhusiwa kujibu, lakini kukohoa hakukuwa kwenye Mwongozo. Basi nikawa nakohoa kila alipouliza, ili ajue nipo.

* * *

Twendapo ni nchi ya adabu. Tangu enzi za babu zetu, mwalimu akiingia darasani watoto husimama na kumwamkia. Mwalimu huitikia na kuwajulia hali. Watoto hujibu kuwa hawajambo. Kisha mwalimu husema, "Kaeni," nao hukaa. Hakuna mtoto wa Twendapo aliyewahi kukaa kabla ya neno hilo, na Wizara, ambayo inapenda mila, iliandika kwenye Mwongozo kwamba hakuna somo litakaloanza kabla salamu haijakamilika pande zote mbili.

Jumatatu ya kwanza ya muhula, nikiwa napepeta mchele, nilisikia kutoka chini watoto arobaini na watatu wa darasa la kwanza: "Shikamoo, mwaalimu!"

Mwalimu Mkuu akatoa kadi kwenye kamera ya kioo, akaitia kwenye bahasha. Bwana Lutego akaondoka na vumbi lake.

Watoto wakabaki wamesimama.

"Mwalimu, tukae?" aliuliza mmoja.

"Mimi si mwalimu wa somo," Mwalimu Mkuu alimjibu. "Mwalimu wenu atawaambia."

Saa nane waliruhusiwa kwenda nyumbani. Kesho yake asubuhi walirudi, wakaendelea kusimama pale walipoachia.

Siku ya tisa nilisikia kutoka juu sauti ya Sikudhani, ameisafisha kwa maji ya ndimu: "Marahaba, watoto wangu! Hamjambo?" Upepo ukiwa mzuri sauti hiyo ilishuka mpaka darasani yenyewe, na watoto waliisikia vizuri tu. Lakini haikuwa na mhuri, na walikuwa wameonywa wasiijibu. Nilikuwa nikikaa uani kwangu katikati ya sauti mbili zinazotafutana, na chai ikinipoa mkononi.

Nisiache kutaja mema. Wazazi walileta fimbo za kuegemea. Watoto warefu walisimama nyuma ya wafupi ili wafupi wawaegemee. Mwalimu Mkuu Chitemo, ambaye ana mguu mbovu, aliacha kiti chake kikiwa wazi, akasimama nao kutwa nzima ameshika mlango. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Bibi, sina ruhusa ya kuwakalisha. Lakini hakuna kifungu kinachonilazimisha mimi kukaa."

* * *

Juu kibandani nilikuwa napeleka uji asubuhi na mboga mchana. Kadri siku zilivyopita niliona binti anapungua. Si mwili, ni maneno. Siku moja nilimkuta anakiambia kigoda, "Pole, nimekugonga." Siku nyingine alinieleza kwa furaha kwamba mjusi wa ukutani anageuza kichwa akisikia irabu.

Kitu alichokuwa anakithamini kuliko vyote ni kadi ya watoto. Aliitazama mpaka chaji ikaisha, akatoa paneli juani, akasubiri, akaitazama tena. Kwa kuwa watoto waliitikia wote kwa pamoja, hakujua jina la hata mmoja. Akawapa majina yake mwenyewe.

"Huyu nimemwita Kengele, ona mdomo wake. Huyu Bwana Shamba, kaja na udongo magotini." Ilikuwa kadi ya pili hiyo, ile ya "Hatujambo, mwalimu," iliyomfikia wiki ya nne. Akaweka kidole juu ya katoto ka mbele kabisa. "Na huyu nimemwita Ndege. Ona, Bibi, anasimama kwa mguu mmoja, halafu anabadilisha mwingine. Mtundu huyu! Hatulii!"

Nilimjua mtoto huyo. Aliitwa Mboni, miaka sita, mdogo kuliko wote. Nilijua pia kwa nini anabadilisha miguu. Lakini nilikuwa nimetia sahihi, na kwetu mtu mzima akitia sahihi ameahidi.

"Ana macho mazuri," nilisema.

"Nikipata cheti, Bibi, nitaomba niajiriwe hapa hapa. Labda siku moja watapunguza mita."

Siku hiyo alisema "Kaeni" mbele ya kishikwambi kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kusikia mtu akiwaambia hata wageni wake. Bwana Lutego akaondoka nayo.

Baada ya siku tisa alirudi, lakini hakwenda shuleni. Alipanda mlima kwa miguu, kofia mkononi.

"Mwalimu, imerudishwa."

Barua ilikuwa na mihuri sita tu. Sikudhani aliisoma kwa sauti:

"'Ofisi ya Kamishna imepokea kadi yako yenye neno Kaeni. Unajulishwa kuwa neno hilo ni amri. Amri kwa wananchi wa Twendapo, wakiwemo walio chini ya miaka saba, hutolewa na Kamishna mwenyewe. Unaelekezwa kujaza Fomu ya Kuomba Kuamuru iliyoambatishwa, nakala nne. Aidha, unapongezwa kwa tabasamu.'"

"Kamishna ataisaini lini?" nilimuuliza Bwana Lutego.

"Yuko safarini, Bibi. Amekwenda kujifunza umbali." Kisha akasema polepole, "Mimi nimewaomba wanipe mhuri nigonge mwenyewe. Wamenicheka."

Sikudhani alikunja barua vizuri. "Si kitu," alisema. "Nitajaza. Nikiijaza leo, na ikarudi mapema, nitapata angalau somo moja kabla muhula haujaisha, na somo moja linatosha kupewa alama. Watoto wenyewe hawana shida. Najua wanasimama pale kamera inapowashwa tu, halafu wanakaa zao."

Bwana Lutego akatazama kofia yake. Mimi nikatazama bakuli. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka kusaidia kumbeba mtoto, na mikono yangu ilikuwa bado inaukumbuka uzito wake mdogo.

"Mjukuu wangu," nilisema, "yule uliyemwita Ndege jina lake ni Mboni. Leo asubuhi ameanguka."

"Ameanguka? Wapi?"

"Darasani. Pale pale alipokuwa amesimama."

"Alikuwa amesimama anafanya nini?"

"Anakusubiri umwambie akae."

Hakuelewa upesi. Nilimwona akihesabu kwa vidole, wiki moja, mbili, tatu, mpaka vidole vya mkono mmoja vikaisha akaanza wa pili. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Wote?"

"Wote. Na Mwalimu Mkuu."

Kalamu ilikuwa mkononi na fomu iko mapajani. Nilijua anaona nini: miaka yake mitatu, mwaka wa kwanza ukimsubiri tena, na mama yake huko Mlangoni anayeitwa jina ambalo ingebidi alirudishe. Sikumwambia nenda, wala sikumwambia kaa. Akaweka fomu chini ya kigoda isipeperuke, maana ni binti nadhifu, akashuka mlima akikimbia bila viatu.

* * *

Mimi nilifika baadaye, kwa miguu yangu ya uzee. Nilimkuta mlangoni. Watoto walikuwa wamegeuka wanamtazama. Walikuwa hawajawahi kumwona ana miguu.

"Shikamoo, mwalimu," walisema, lakini kwa kuuliza.

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo."

"Kaeni," alisema. "Kaeni, wanangu. Kaeni wote."

Walikaa kwa mshindo mmoja, kama gunia la mahindi linavyotuliwa. Mwalimu Mkuu Chitemo alikaa pale pale sakafuni, akanyoosha mguu wake mbovu, akafumba macho.

Akawafundisha kuanzia saa nne mpaka saa nane. Alianza na majina. Kila mtoto alisema lake, naye akalirudia mara mbili, kana kwamba ameletewa zawadi na anataka kujua ni yake kweli. Kisha irabu, ubaoni, kwa kipande cha chaki ambacho Mwalimu Mkuu alikuwa amekificha mfukoni tangu muhula uliopita. Mtoto mmoja alinyoosha kidole akamgusa mkono, akawageukia wenzake akawaambia, "Una joto." Baada ya hapo wote walitaka kugusa. Mboni, ambaye alikuwa amelazwa kwenye mkeka wa mama yake, alijikokota mpaka mbele, akajikalisha juu ya mguu wa mwalimu, hakutoka tena.

Bwana Mbwilo alifika na filimbi mdomoni. Akasimama mlangoni, hakupuliza. Akaitoa, akaifuta, akaitia mfukoni. Kisha akatoa futi kamba. Sijawahi kuona mtu akifungua kamba polepole namna ile. Aliifungua kama mtu anayengoja mvua iishe.

"Mwalimu," alisema, "inabidi nipime. Wewe na mwanafunzi wa karibu."

"Pima, Afande."

"Sogea basi. Hata hatua moja. Nitaandika mita moja. Moja si haba."

Sikudhani akatazama chini. Mboni alikuwa amesinzia, kichwa kwenye goti lake.

"Nikisogea ataamka," alisema.

"Mwalimu, nakuomba. Nina binti wa rika lako."

"Andika ulichokiona, Baba."

Bwana Mbwilo akaandika sifuri. Aliiandika ndogo sana pembeni mwa karatasi, kana kwamba wasomaji wa makao makuu wangeweza kuikosa. Hawakuikosa.

* * *

Aliondoka baada ya siku nne, juu ya lori la kabichi, bila kungoja barua ya kumfukuza. Watoto walikuja kumuaga. Walisimama mbali kule kwenye kijito, mita mia nne kama ilivyo sheria, wakapunga mikono, naye akapunga. Hakuna aliyekumbuka, wala mimi sikukumbuka, kwamba sasa hakuwa mwalimu tena na wangeweza kuja kumkumbatia. Nililikumbuka jambo hilo jioni nikiosha bakuli lake, na lori lilikuwa limeshavuka milima.

Twendapo hukusanya alama zake siku ya mwisho ya muhula. Siku hiyo makao makuu hupima ramani kutoka kila darasa mpaka alipo mwalimu wake. Barua ya kumfukuza Sikudhani ilikuwa bado inapita ofisi ya nne. Kwa hiyo walipima kutoka Ng'ambole mpaka Mlangoni, uani kwa mama yake, alikokuwa akichambua mboga na kulia. Wakapata kilometa mia sita na kumi na mbili.

Redio haikulala. Waziri mwenyewe alizungumza.

"Wenzetu walifika mia tatu! Sisi tumefika mia sita na kumi na mbili! Na tumefika kwa binti wa mazoezi, mtoto wa mkulima, asiye na kitu ila umbali! Tumewapita, ndugu wananchi, tena tumewapita maradufu!"

Ile sifuri ilimletea Bwana Mbwilo barua ya kujieleza. Alijibu kwamba kamba yake ni ya zamani na imevutika. Alivuliwa cheo, akarudishiwa baada ya mwaka. Alipokuja kuniaga siku aliyovuliwa, aliniletea mbegu za mchicha.

Sikudhani akapewa cheti cha daraja la kwanza. Ila cheti cha Twendapo hutolewa kituoni, mkononi kwa mhusika. Akaandika kuuliza aje lini. Akajibiwa kwa heshima kubwa kwamba akija kituoni umbali wake utakuwa mita mia nne tu, na cheti kitakuwa kimebatilika. Akaandika tena, akiomba basi aajiriwe Ng'ambole. Wakamwajiri wiki hiyo hiyo, kwa sharti kwamba asije.

Cheti kimetundikwa ukutani kibandani. Mimi hupanda Ijumaa kukifuta vumbi. Kina jina lake lote, limeandikwa vizuri.

Anafundisha kutoka kwao sasa, nyuma yake kuku wanapita, na wakati mwingine husikika Mama Mwalimu akiwafukuza. Watoto wamejua kusoma, kwa kuwa kioo kikizimwa Mwalimu Mkuu huongeza somo kwa chaki yake. Na wanakaa. Walishaambiwa wakae, na hakuna barua iliyokuja kuwasimamisha tena. Kadi moja sasa huchukua siku ishirini na zaidi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi.

Wiki iliyopita nilialikwa kukaa nyuma ya darasa. Kadi mpya ilikuwa imefika. Sikudhani alionekana kwenye kioo, amenenepa kidogo, nikashukuru. Aliwataja watoto mmoja mmoja kwa majina, bila kusoma popote. Alipofika mbele aliinama karibu na tundu lile dogo, uso ukajaa kioo kizima.

"Mboni," alisema, "nimeona pengo. Pole sana, mwanangu. Litaota jingine, usiogope. Linauma bado?"

Darasa likaangua kicheko. "Mbona limeshaota, mwalimu!" "Tena kubwa kama la mbuzi!" "Mwalimu kachelewa!"

Mboni akageuka akawakazia macho mpaka wakanyamaza. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshawasha kamera kuchukua jibu lake. Mtoto akasogea mbele, akashusha mdomo wa juu mpaka jino jipya likafichika lote, akainua uso kwenye mwanga.

"Bado halijaota, mwalimu," alisema, maneno yakimtoka kwa shida. "Lakini haliumi. Asante kwa kuuliza."